Bendera ya Buluu Juu ya Kinu

Lagerdijk, 3 Machi 1974

Mpendwa mdogo wangu Wouter,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Trijn na watoto, na kwamba theluji ya huko Kanada imeanza kupungua. Mimi sijambo. Kikohozi cha Januari kimeniacha, limebaki goti la kushoto linalonikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo nilizokuwa nimemaliza kupiga pasi.

Najua ni mimi niliyekawia kuandika, tangu kadi ya Krismasi ya mwaka juzi. Wewe nawe hukuandika, kwa hiyo tuko sawa, tusigombane.

Sasa kaa kwenye kiti. Kinu chetu kinafufuliwa! Watu wa chama cha vinu vya upepo walikuja wiki iliyopita na fundi mmoja aitwaye Koppelaar, mnene, mkimya, vidole vyake vimebaki vinane. Walikizunguka mara tatu. Halafu Koppelaar akaipiga teke boriti ya pembeni, akasema, "Mama, nyama imeoza lakini mifupa ni mizima." Nilidhani ananisema mimi.

Unakumbuka ulivyokiacha? Sasa ni kibaya zaidi. Yamebaki mabawa mawili kati ya manne, paa la matete limeota majani, na lile gurudumu lililokuwa likichota maji bondeni na kuyamwaga kwenye mtaro mkuu limeoza hata bata wanataga ndani yake. Koppelaar anasema kitazunguka tena mwakani, na kitateka maji kweli, si pambo la watalii.

Ana maswali nami sina majibu. Meno ya gurudumu la juu yalikuwa ya mti gani, na Baba aliyapaka nini? Na breki, kwa nini ilikuwa haipigi kelele kama za vinu vingine? Mimi nilikuwa jikoni, wewe ndiye uliyekuwa huko juu na Baba. Niandikie kila kitu unachokumbuka, hata kama ni kidogo.

Jina lako bado liko kwenye ile kalenda ya siku za kuzaliwa kule chooni, tarehe kumi na tisa Agosti. Kila mwaka nakupa hongera nikiwa nimekaa pale pale.

Dada yako akupendaye,
Jannigje


Ontario, 2 Aprili 1974

Mpendwa dada Jannigje,

Nimefurahi kupata barua yako. Hatujambo sote. Trijn anakusalimu, anasema goti ulikande kwa maji ya moto na chumvi. Mkubwa wetu ameoa, mdogo anataka kununua pikipiki, na mimi nimeanza kuitwa mzee dukani. Vitunguu vya mwaka jana vilikubali.

Barua yako nimeisoma ghalani, nimesimama, kofia kichwani. Kisha nikaketi juu ya gunia nikaisoma tena.

Mwambie fundi hivi. Meno ni ya mti mgumu wa ng'ambo, mwekundu, ule uliokuwa ukilipindisha shoka la Baba. Aliyapaka nta ya nyuki, si grisi. Nta peke yake, na aliipasha moto kwapani kwanza. Sitanii. Shingo ya mhimili unaobeba mabawa, pale unapolalia jiwe, alipaka mafuta ya nguruwe yasiyo na chumvi. Mama alikuwa akigomba kwamba kinu kinakula mafuta kuliko watoto. Na breki: vipande vyake ni vya mwerebi, ule mti wa kando ya mitaro, uliokatwa majira ya baridi na kulazwa mtaroni mwaka mzima. Kila mtu alimwambia mwerebi ni mlaini mno, naye alijibu, "Kitu kilaini ndicho kinachoshika."

Kuna ngazi ya saba, kwenda juu, ilikuwa imelegea. Asiikaze. Baba aliiacha makusudi ili asikie kama kuna mtu anapanda.

Dada, sijui kwa nini mtu mzima nalia kwa sababu ya mafuta ya nguruwe. Hapa tuna upepo mwingi, lakini unapita tu, hauna kazi. Unafika, unatikisa mabati, unaondoka. Miaka ishirini na minne na bado asubuhi nikitoka nje natazama kwanza unatokea wapi, kana kwamba kuna kofia ya kinu, ile sehemu ya juu kabisa, ya kugeuza mabawa yaukabili. Trijn hunicheka. Nimetamani nyumbani mpaka nahisi mwilini.

Nakuuliza jambo moja tu. Ile bendera bado hupandishwa?

Mdogo wako,
Wouter


Lagerdijk, 20 Mei 1974

Mpendwa Wouter,

Nimepokea yako, asante sana. Niko salama, goti limekubali maji ya chumvi, mwambie Trijn asante. Koppelaar nilimsomea barua yako jikoni, akaomba kuisikia tena ile sehemu ya kwapa. Akavua koti, akaanza kujaribu. Ngazi ya saba hataigusa.

Unauliza bendera. Hapana, haipandishwi tena. Pampu ya umeme haina macho ya kuitazama. Lakini kinu cha bendera bado kipo pale kwenye kona ya mtaro mkuu, na kimetengenezwa kabla ya chetu. Anayekitunza sasa ni Jilles. Ndiyo, Jilles wangu, nikiruhusiwa kumwita hivyo. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Tunapungiana mikono kila mmoja akiwa ng'ambo yake, basi.

Nikuambie ukweli, Wouter, kila nikikitazama kile kinu namkasirikia Baba upya. Mtoto mdogo wa Lagerdijk alijua: mtaro mkuu ukijaa mpaka alama, bendera ya buluu inapanda pale kwenye kona, na kila kinu kinafunga mabawa papo hapo, hata kama bonde lako mwenyewe linaogelea. Baba aliijua amri hiyo kabla ya kujua kusoma. Na bado siku ile, mgonjwa kitandani, akakuamuru uendelee kuteka. Tuta la ng'ambo likakatika, shamba la kina Jilles likazama pamoja na ng'ombe, na baba yake Jilles akasema mwanawe hataoa kutoka kwenye kinu kisichoheshimu bendera. Nilikuwa nimeshatarizi herufi zetu kwenye mashuka. Bado ninayo. Yanafaa sana, hayachakai.

Lakini si hayo niliyotaka kukuandikia. Ufunguzi ni Jumamosi, tarehe 14 Juni mwakani. Chama kinataka breki iachiwe na mtu yule yule aliyeifunga mwisho. Katika daftari la halmashauri ya maji limeandikwa jina la Baba, lakini wote wanajua mikono ilikuwa yako. Wanakutaka wewe. Na mimi nakutaka, Wouter. Hukuja kumzika Mama, hukuja kumzika Baba. Njoo angalau kwa kinu. Nina miaka arobaini na tisa na nimekungoja karibu nusu ya hiyo.

Dada yako,
Jannigje


Ontario, 8 Septemba 1974

Mpendwa dada Jannigje,

Salamu. Sisi ni wazima. Usihesabu miezi niliyokaa kimya, nimeihesabu mwenyewe. Nimekuandikia barua tatu: moja inasema ni msimu wa vitunguu, moja inasema ni mgongo, na ya tatu inasema Trijn haogopi kitu duniani ila kupanda ndege. Zote nimezitia motoni. Trijn ndiye aliyesema, "Mwandikie iliyo kweli au usiandike kabisa."

Baba hakuniamuru.

Alikuwa kitandani na homa yake ya mapafu, unajua. Alikuwa na ile fimbo ya kugonga ukutani akitaka nisimamishe kinu. Mimi nilikuwa nje nyuma ya kinu, karibu na kamba ya breki. Mvua ilikuwa imepungua. Bendera ikapanda, nikaiona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii. Vinu vingine vikaanza kusimama, kimoja, kingine, mstari mzima mpaka kanisani. Nikashika kamba.

Sikuivuta, dada. Bonde letu lilikuwa limejaa mpaka kwenye vizingiti vya watu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ilikuwa mara ya kwanza kinu kuachwa mikononi mwangu. Nilitaka Baba akiamka aone bonde kavu. Nikajiambia, nusu saa tu. Nikaisikilizia fimbo yake. Haikugonga, nikajua amelala. Nusu saa ikawa saa moja na nusu. Kisha nikasikia ng'ombe wa ng'ambo wakilia, na wewe unajua ng'ombe hawalii vile.

Walikuwa kumi na mmoja. Nimewahesabu kila usiku wa mvua tangu siku hiyo.

Watu wa halmashauri walipokuja, Baba aliinuka kitandani akasema amri ilikuwa yake. Baadaye akaniita zizini. Akasema, "Wewe una maisha mbele, mimi nimeshaishi. Kaa kimya." Nikakaa kimya, nikapanda meli, nikamwacha avuliwe kazi aliyoirithi kwa babu yake. Sikuja kumzika kwa sababu sikujua nisimame wapi kando ya kaburi.

Kwa hiyo unaona siwezi kuja kuachia breki. Wamchague mwingine.

Nisamehe kama unaweza.

Wouter


Ontario, 15 Desemba 1974

Dada Jannigje,

Heri ya Krismasi. Natumaini u mzima wa afya. Nimeona jana ndege mkubwa wa mtoni amesimama kwa mguu mmoja kwenye mfereji wetu, nikakukumbuka ulivyokuwa ukimwigiza kanisani mpaka Mama akufinye.

Nangoja barua yako. Hata ya matusi.

Mdogo wako,
Wouter


Lagerdijk, 1 Februari 1975

Wouter,

Niko mzima. Natumaini nanyi pia.

Nimeichukua kalamu mara nyingi na kuiweka. Unataka matusi, sina. Nitakuambia tu nilivyoishi.

Baada ya wewe kuondoka nilikaa na Baba miaka kumi na mmoja, mitano ya mwisho tukiwa wawili peke yetu. Nilimpikia, nilimfulia, nilimkata kucha za miguu alipokuwa hawezi tena kuinama. Na sikuzungumza naye. Kile cha lazima tu: mlango, dawa, mvua. Nilimwekea supu ya njegere mezani nikaenda kula yangu nimesimama jikoni. Alikuwa akisema, "Asante, binti yangu," kila siku, nami nikifungua bomba ili nisisikie. Ilikuwa adhabu yake kwa Jilles, kwa mashuka, kwa watoto nisiowazaa. Hakujitetea hata siku moja. Mzee alikula supu yake kimya miaka yote hiyo, kwa kosa lako.

Ng'ombe nakusamehe. Hata Jilles nakusamehe, pengine tungegombana kama watu wengine wote. Ile supu siwezi.

Barua yako nilimpelekea Jilles. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka daraja lile tangu mafuriko yale. Akaisoma miwani ikiwa puani, akairudia. Akanimiminia kahawa, akanipa biskuti moja, akafunga kopo kama kawaida ya kwao. Nikamwambia, "Sema kitu basi, Jilles." Akasema, "Walikuwa kumi na wawili. Hakumhesabu ndama." Akanisindikiza mpaka darajani.

Kazi ya kinu inaendelea. Mabawa mapya yamefika kwa mashua. Usije, Wouter. Breki ataiachia mtu mwingine.

Jannigje


Lagerdijk, 27 Aprili 1975

Mpendwa mdogo wangu Wouter,

Hujambo? Najua sikustahili jibu na hukunipa. Mimi sijambo.

Jumatano Koppelaar aliniita nipande. Nikamwambia goti halipandi, akasema, "Mama, hili panda hata kwa magoti." Nikapanda. Ngazi ya saba ikalia, nami nikashtuka kana kwamba Baba angetokea kuuliza nani huyo.

Juu kabisa, ndani ya kofia ya kinu, alikuwa akikwangua mafuta ya zamani kwenye boriti ya breki. Unajua wenye vinu walivyokuwa wakichonga habari zao kwenye mbao, dhoruba, barafu, watoto waliozaliwa. Siku yako ya kuzaliwa iko pale, na yangu. Chini yake kuna mistari mingine kwa kisu cha Baba, ile herufi g yake yenye mkia mrefu. Nadhani aliichonga Februari alipopata nafuu, kabla halmashauri haijatufungia mlango wa kinu. Nimenakili neno kwa neno:

"9 Desemba 1949. Bendera saa nane. Niliiona kutoka kitandani. Fimbo ilikuwa mkononi. Sikugonga."

Basi.

Hakuwa amelala, Wouter. Dirisha la kitanda chake lilitazama kwenye kona, tumelisahau hilo wote wawili. Alikusikia ukiendelea, naye akakuacha. Sijui kwa nini. Labda naye alitaka bonde kavu. Labda alikuwa anajivuna kukusikia ukikiendesha peke yako. Nimekaa pale juu nikaweka kidole kwenye kila herufi, nikamwambia kwa sauti, "Karibu, Baba," ile niliyopaswa kumjibu kila aliposema asante. Koppelaar akashuka akatafute msumari.

Na mimi nina langu. Siku ile nilikuwa kwa kina Jilles, nakanda unga wa maandazi ya Mwaka Mpya kuyajaribu na mama yake. Dirisha la jikoni lao lilitazama kwetu. Niliiona bendera imepanda na mabawa yetu bado yanazunguka. Ningeweza kukimbia kwenye tuta nikakupungia aproni. Lakini mama mkwe alikuwa kanipa mgongo, nami niliona aibu kumwonyesha kwamba kinu chetu kinakosa. Nikaendelea kukanda. Nimelificha hilo hata kwangu mwenyewe kwa kumnunia mzee.

Kwa hiyo tulikuwa watatu, mdogo wangu, na hakuna aliyegonga.

Nimevuka daraja tena kumsimulia Jilles. Safari hii kopo alilisahau wazi. Akasema, "Bendera ya zamani ninayo, iko kwenye sanduku la mama. Jumamosi ile nitaipandisha asubuhi. Mtu akitokea kituo cha basi anapita kwangu kwanza. Mwambie mdogo wako akiiona, safari hii asimame."

Nimekuambia kama alivyosema. Breki haijapewa mtu. Nilisema usije, na sasa nafuta neno hilo kwa mkono huu huu. Nitapika supu. Nitaila nimekaa.

Dada yako akungojaye,
Jannigje


Kinu cha bendera, 14 Juni 1975, saa mbili asubuhi

Dada Jannigje,

Hujambo? Mimi sijambo, nina usingizi wa ndege na viatu vimelowa umande. Sikujibu barua yako kwa sababu kila nilipoanza niliona nitafika kabla yake. Trijn yuko hotelini mjini, anakuja na basi la saa nne. Ndege hakuiogopa hata kidogo, mimi ndiye niliyeshika mkono wake.

Nakuandikia kwenye meza ya Jilles, na anayekuletea karatasi hii ni jirani yake anayekuja huko kwa baiskeli. Kutoka hapa naliona paa jipya la matete, jinsi lilivyo la njano. Naona mtu wa aproni nyeupe anafagia kizingiti ambacho nina hakika kimeshafagiliwa. Ukiinua kichwa utaniona, lakini usipunge mkono bado. Nitakimbia, na sijamaliza hapa.

Niliiona tangu kituo cha basi. Imechakaa, imekuwa karibu ya kijivu, lakini ni ile ile. Miguu ilitaka kupita upesi, nikaikataza. Nikasimama chini yake na sanduku langu kama mtoto aliyefukuzwa shule. Jilles akatoka, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Umenenepa." Nikamwambia, "Jilles, niliiona." Akasema, "Najua. Ingia, kahawa inapoa."

Nikamwomba aniambie habari za yule ndama niliyemwacha katika hesabu yangu. Akaniambia jina lake, na la mama yake. Kisha akasema kwamba kama nimekuja kusikiliza basi nisikilize wote, na ameanza kunitajia mmoja mmoja, yupi alikuwa na baka, yupi alikuwa mkorofi wa kukamuliwa, yupi alipenda kulamba mikono ya mama yake. Hanionei huruma wala hanikaripii. Tumefika wa saba.

Upepo ni wa kusini magharibi, wa kutosha kabisa. Mwambie Koppelaar asiguse breki. Jilles akimaliza wa kumi na wawili tutaishusha bendera pamoja, tuje.

Mdogo wako,
Wouter